Webley ya Mezani na Picha ya Babu: Jibu kwa Anayeanza Kukusanya Rivolva za Zamani

Swali la msomaji: "Nimekulia Tanga, sasa naishi Columbus, Ohio, na nina Green Card. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), alipigana Burma. Tuna picha yake amesimama kando ya afisa wake Mwingereza, na afisa ana bastola kiunoni yenye kamba inayopanda hadi begani. Mwezi uliopita, kwenye maonyesho ya silaha, nimeona rivolva ya Webley, Mark VI, ya 1917. Muuzaji kaniambia ndiyo hiyo hiyo waliyobeba maafisa wa KAR, na kwamba inapiga risasi za .45 za kawaida. Nataka iwe ya kwanza katika mkusanyiko wangu. Nitajuaje kama ni nzima na halali? Nitafute wapi pengine? Na je, siku moja naweza kuipeleka Tanga nikaitundika sebuleni pamoja na picha?"

Ndugu yangu, Mungu amrehemu babu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara jicho limesimama pale muuzaji aliposema Webley yake "inapiga risasi za .45 za kawaida". Yeye aliyasema hayo kama sifa. Mimi nayasikia kama onyo, kwa hiyo nianzie hapo, kabla hujatoa hata dola moja.

Webley Mark VI iliingia jeshini Uingereza mwaka 1915. Ilitengenezwa Birmingham, mtutu wake una inchi 6, na ukibonyeza komeo lililo kando ya nyundo inakunjuka katikati: mtutu unainama, silinda inajitokeza, na maganda yote sita yanasukumwa nje kwa mpigo mmoja. Iliundwa kwa risasi ya .455 (namba hizi ni takriban unene wa risasi kwa inchi), risasi nene na nzito inayokwenda polepole. Baada ya Vita Kuu ya Pili bastola hizi ziliuzwa Marekani kwa wingi kama mabaki ya jeshi. Risasi za .455 zilikuwa adimu huku, lakini .45 ACP, ile ya bastola ya jeshi la Marekani, ilikuwa tele kila duka. Wafanyabiashara wakatafuta njia ya mkato. Wakaikwangua silinda upande wa nyuma ili ipokee .45 ACP zikiwa zimeshikwa tatu tatu kwenye kibanio cha bati chenye umbo la nusu mwezi. Bastola ikafunga, ikalia, ikauzwa.

Chuma chenyewe hakikuongezwa nguvu. Gesi ya .45 ACP ya kiwandani inasukuma kwa kiasi kinachofikia, na hata kupita, kile ambacho Webley ilipimwa nacho ili kuthibitisha kwamba haitapasuka. Kipimo kile kilifanywa mara chache tu, kwa risasi iliyozidishwa baruti makusudi. Wewe utakuwa unakirudia kila ukivuta kifyatulio. Ziko Webley zilizokwanguliwa ambazo zimevumilia miaka mingi, na ziko ambazo silinda imepasuka mkononi mwa mwenyewe. Sisemi muuzaji wako ni tapeli. Wengi wanaouza bastola hizi walizikuta hivyo, na aliyewauzia alisema maneno hayo hayo.

Kuitambua si kazi. Omba ruhusa, ielekeze bastola chini, ifungue, hakikisha matundu yote sita ni matupu, kisha ifunge tena. Ishike usawa wa jicho, upande wa pembeni, nyuma yako kuwe na taa au dirisha. Tazama pengo kati ya mgongo wa silinda na ukuta wa fremu nyuma yake. Kwenye Webley ambayo haijaguswa, pengo ni jembamba, linatosha kola (ukingo wa kitako) ya ganda la .455 tu, na kola ile ni nyembamba. Kwenye iliyokwanguliwa utaona mwanga mpana ukipita. Kisha ifungue tena uangalie mgongo wa silinda wenyewe. Mara nyingi utakuta michirizi ya mashine ya karakana, na rangi ya chuma pale haifanani na pande nyingine. Na kama muuzaji anakuonyesha vile vibanio vya nusu mwezi vinaingia vizuri na bastola inafunga, umeshapata jibu.

Je, iliyokwanguliwa haina thamani? Inayo, ila ndogo zaidi, na haiwezi kurudishwa ilivyokuwa isipokuwa ukipata silinda nyingine, ambayo nayo itakuwa na namba ya bastola nyingine. Mimi nisingependa ya kwanza yako iwe hiyo. Ukiipenda mno, inunue kwa bei ya iliyokwanguliwa, na usiitie risasi ya .45 ACP ya kiwandani maisha yako yote.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nimepitia. Miaka mingi iliyopita nilinunua Smith & Wesson ya wakati wa vita, ya aina iitwayo Victory, kwa mtu mmoja aliyekuwa na meza nzuri na maneno mazuri zaidi. Mtutu ulikuwa umekatwa, bastola nzima imepakwa kromu inang'aa kama sufuria mpya. Juu ya mtutu palibaki maandishi "38 S&W CTG". Muuzaji akanihakikishia kwamba risasi za .38 Special zinaingia. Ziliingia kweli. Nilipofyatua sita za kwanza, maganda yalitoka yamevimba tumbo, na moja lilikuwa limepasuka kwa urefu kama ganda la kunde kavu. Nililiweka ganda lile kwenye kikombe juu ya meza ya kazi na bado liko.

Bastola hizo zilitengenezwa kwa ajili ya Waingereza na jumuiya yao, kwa risasi fupi na nene kidogo iitwayo .38 S&W. Baada ya vita, wafanyabiashara walitoboa matundu ya silinda yawe marefu ili yapokee .38 Special, risasi ndefu na nyembamba zaidi. Urefu unaweza kuuongeza, unene uliokwisha chukuliwa huwezi kuurudisha. Kwa hiyo ganda linakaa kwenye tundu kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba, na gesi ikija linatanuka mpaka lipasuke. Chukua tochi ndogo, mulika ndani ya kila tundu. Kwenye silinda ambayo haijaguswa utaona kijikingo, ngazi ndogo ya chuma, karibu na katikati ya tundu. Ukikuta ngazi imesogea mbele, wakati juu ya mtutu pameandikwa "38 S&W CTG", basi silinda imetobolewa.

Sasa turudi kwenye picha ya babu, maana hapo nadhani muuzaji amekupotosha bila kujua.

Babu alikuwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Bonde la Kabaw mwaka 1944. Kufikia wakati huo jeshi la Uingereza lilikuwa limekwisha kuhama kutoka kwenye .455 kwenda .38. Rivolva mpya, Enfield No. 2, ilipokewa rasmi mwaka 1932. Ni ndogo, nyepesi, na umbo lake linafanana na Webley kiasi kwamba wengi wanazichanganya. Vita vilipopamba moto kiwanda cha Enfield kikazidiwa, jeshi likanunua na Webley Mark IV ya .38, na Marekani ikaleta zile Smith & Wesson za Victory. Mark VI za 1917 zilikuwepo bado, ziliendelea kubebwa na baadhi ya maafisa, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba afisa wa kwenye picha hakuwa nayo. Lakini picha yenyewe inaweza kukuambia.

Ipige skani kwa ubora wa juu, ikuze, tazama mkoba wa bastola. Kama ni wa turubai, mdogo, wa vifaa vile vya jeshi vya mfumo wa 1937, ndani yake karibu hakika mna .38, kwa sababu mkoba ule ulishonwa kwa kipimo chake. Mark VI ni dude kubwa, na mkoba wake unaning'inia mrefu. Kama mpini unaonekana, tazama kitako chake. Kamba ile uliyoiona inafungwa kwenye pete iliyo chini ya mpini. Na kama nyundo inaonekana na haina kijipembe cha kuvutia kwa dole gumba, hiyo ni Enfield No. 2 Mark I*, maana toleo hilo liliondolewa kijipembe, na nyingi za awali zilirudishwa karakana zikabadilishwa zifanane nalo.

Kuna jambo lingine nalisema kwa heshima. Rivolva ile ilikuwa ya afisa. Askari kama babu yako kwa kawaida alibeba bunduki ya .303, na ndiyo iliyomchubua bega kutoka pwani hadi milima ya Burma. Ukitaka kitu kilichogusa maisha yake mwenyewe, fikiria hilo pia. Lakini kama unachotaka ni kile kinachoonekana kwenye picha, kando ya mkono wake, basi tafuta .38 ya miaka ya vita na uache ya 1917. Mimi ningekushauri uanze na Victory ambayo haijaguswa, au Enfield No. 2 yenye namba zinazolingana. Na risasi za .38 S&W bado zinatengenezwa, kwa hiyo siku ukitaka kuisikia ikilia, fundi akiikagua kwanza, utaweza.

Victory ina kisa ambacho kila mkusanyaji anapaswa kukijua. Namba zake zinaanza na herufi V. Mwishoni mwa 1944 baharia mmoja wa Marekani aliuawa kwa bastola ya aina hiyo iliyodondoka na kujifyatua. Kiwanda kikabuni kizuizi kipya ndani, kinachoiziba njia ya nyundo mpaka kifyatulio kivutwe, na bastola zenye kizuizi hicho zikapewa herufi SV. Ukiona V tupu, jua kizuizi chake ni kile cha zamani. Usiibebe ikiwa na risasi, usiiweke mahali pa kudondoka.

Na hii ndiyo namna ninavyoikagua Smith & Wesson ya zamani mezani, hatua kwa hatua, ili uone ninachomaanisha ninaposema sikiliza chuma kabla ya mwenye chuma. Naigeuza kwanza kitako juu, nasoma namba. Kisha nafungua silinda, nasoma namba mgongoni mwake. Halafu chini ya mtutu, pale fimbo ya kusukumia maganda inapolala, kuna namba. Nyuma ya ile nyota inayotoa maganda, tena namba. Zote ziwe moja. Muuzaji akikubali kuufungua mpini, ubao wa kulia kwa ndani nao huwa na namba, imegongwa au imeandikwa kwa penseli, na hakuna furaha kama kuikuta penseli ya mfanyakazi wa 1943 bado inasomeka kwenye mti wa jozi.

Baada ya namba natazama skrubu. Vichwa vyake vikiwa vimechubuka, mtu amekuwa akichokonoa ndani bila bisibisi inayofaa. Kisha maandishi ya kiwandani: kingo zake ziwe kali. Yakiwa yamelainika na kupauka kama maandishi ya sabuni iliyotumika, bastola imesuguliwa na kupakwa rangi upya, hata kama inapendeza kiasi gani. Tundu za skrubu zilizobonyea kama visahani ni dalili ya msasa uleule.

Mtutu naumulika kutoka mdomoni. Mifereji ya ndani ionekane inazunguka bila kukatika. Nikiona pete nyeusi mahali fulani, kivuli cha mviringo kisichosogea ninapozungusha tochi, najua risasi iliwahi kukwama hapo na nyingine ikafuata, mtutu ukavimba. Hiyo naiacha, bei yoyote.

Mwisho, kwa ruhusa ya mwenyewe, naivuta nyundo taratibu. Silinda ifike na kujifunga kabla nyundo haijafika mwisho wake, kwa kila tundu, yote sita. Nyundo ikiwa imesimama, naisukuma kidogo kwa dole gumba kutoka nyuma: isidondoke. Kisha naishika kwa dole gumba na kuirudisha polepole. Kamwe usiifyatue tupu bastola ya mtu, na usiruhusu mtu akufyatulie yako ili kukuonyesha "inavyolia".

Webley na Enfield zina lugha yake ya mihuri. Mshale mpana wenye mistari mitatu inayokutana kwenye ncha ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili inayotazamana ncha kwa ncha inamaanisha iliuzwa nje ya jeshi kihalali, na mimi hupenda kuiona. Mihuri midogo yenye taji ni ya wakaguzi na ya nyumba za upimaji. Ukikuta na "NOT ENGLISH MAKE", hiyo iligongwa kwenye silaha za kigeni zilizopimwa Uingereza. Jihadhari sana na muhuri wa kikosi unaong'aa. Alama ya mwaka 1940 imezeeka pamoja na chuma, ndani yake mna weusi ule ule wa pande zote. Alama iliyogongwa juzi inaukata uzee ule, kingo zake zimeinuka na tumbo lake linang'aa. Nakuambia hili kwa sababu umeshamwambia muuzaji kwamba unatafuta ya KAR. Kuanzia sasa usimwambie mtu yeyote unachotafuta mpaka umeishika mkononi.

Nguvu ya hadithi katika biashara hii ni kubwa mno, na mfano bora ni wa Marekani yenyewe. Agosti 2021 rivolva ya Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia mhalifu Billy the Kid mwaka 1881 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6. Kilichoibeba ni karatasi: barua ya mtu aliyekuwa nayo kabla ya Garrett, na mlolongo wa waliofuata. Bila karatasi, ni Colt nyingine ya 1880. Na kwa kuwa Colt hizo zina bei, ndizo zinazoghushiwa kuliko zote, hasa za kijeshi zenye herufi za wakaguzi kama OWA, za Orville W. Ainsworth. Mgeni asinunue Colt ya askari wa farasi bila mtaalamu kando yake. Kwa Colt na Smith & Wesson unaweza kuagiza, kwa malipo, barua ya kumbukumbu za kiwanda inayosema bastola yenye namba fulani ilisafirishwa tarehe gani na kwenda kwa nani. Barua hiyo ni rafiki mzuri kuliko hadithi yoyote ya mezani.

Umeuliza utafute wapi. Una bahati kuwa Ohio. Ohio Gun Collectors Association ni chama cha tangu 1937, na mikutano yake ni ya wanachama na wageni wao. Tofauti na maonyesho ya wikendi yaliyojaa bunduki mpya na nyama kavu, pale utakuta wazee waliotumia miaka arobaini kusoma aina moja tu ya rivolva. Nenda na shikamoo yako ya Kitanga hata kama unaisema kwa Kiingereza: salimia, uliza, sikiliza, usinunue siku ya kwanza. Mimi nimefundishwa na watu kama hao kuliko nilivyofundishwa na kitabu chochote. Ukipata nafasi ya kusafiri, maonyesho ya Tulsa, Oklahoma, ni makubwa ajabu, na mji wa jirani wa Claremore una makumbusho ya J.M. Davis, yenye maelfu ya silaha ukutani. Tembea humo siku nzima. Jicho hujifunza kwa kuona nyingi ambazo haziuzwi.

Minada midogo ya vitu vya marehemu vijijini ndiyo penye neema, kwa maoni yangu. Bastola imetoka kwenye droo ya mzee, mara nyingi na mkoba wake, wakati mwingine na barua au kitambulisho cha jeshi. Omba karatasi zote, hata bahasha, na uandike siku hiyo hiyo familia ilivyosema. Mtandaoni napo kuna mengi, na nyumba kubwa kama Rock Island Auction Company huchapisha picha nzuri unazoweza kujifunzia bure. Ila kumbuka mnada unaongeza asilimia yake juu ya bei uliyoitaja, na usafirishaji, na ada ya duka litakalokupokelea. Piga hesabu kabla ya kuinua mkono.

Rafiki zako watakuambia uanze na Nagant ya Kirusi ya 1895. Ni bastola ya ajabu, ina risasi 7, na silinda yake husogea mbele kuubana mtutu ili gesi isivuje. Zamani iliuzwa chini ya dola mia, siku hizi imepanda. Si mbaya, lakini haina uhusiano na picha yako.

Sheria sasa. Kwa Green Card unaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua, almradi huna kizuizi kingine. Dukani utajaza fomu 4473 na kuandika namba yako ya uhamiaji. Jaza kwa ukweli mtupu. Ndugu zetu wenye visa za muda, wanafunzi na wageni, kwa kawaida hawaruhusiwi, ila kwa vighairi vichache. Na hapa naomba unisikilize sana, maana kwetu kusaidiana ni desturi: usimnunulie mtu bastola ambaye mwenyewe haruhusiwi, na usiruhusu mtu akununulie wewe kwa jina lake. Huo ni uhalifu wa shirikisho, na kwa mhamiaji unaweza kugharimu makazi yenyewe.

Silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, sheria ya shirikisho inaiita ya kale na kuiondoa kwenye masharti mengi. Ndiyo maana Webley Mark I za mwanzo, zilizopokewa 1887, zina soko lake. Ya 1917 haimo humo. Hata hivyo ikiwa na zaidi ya miaka 50 na iko katika hali yake ya asili, inahesabiwa kuwa ya wakusanyaji, na kuna leseni maalumu ya mkusanyaji inayotolewa na ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha: dola 30 kwa miaka 3. Nayo unaweza kununua silaha za aina hiyo kutoka jimbo jingine zikafika nyumbani kwako, mradi uandike kila inayoingia na inayotoka katika daftari lako. Sheria za jimbo zinabaki juu ya hapo. Ukihamia New York au New Jersey, kwa mfano, utaanza kusoma upya kabla ya kufungasha.

Ukishainunua, usiing'arishe. Sote tumeona mlango wa nakshi Zanzibar uliopigwa msasa na kupakwa vanishi ukawa kama wa duka la fanicha, na waliokusanya rupia na heller za Mjerumani wanajua sarafu iliyosuguliwa hufa bei siku hiyo hiyo. Bastola ni hivyo hivyo. Kitambaa laini, mafuta mepesi ya silaha, basi. Usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi, hata kama mkoba ndio wake wa asili. Ngozi inavuta unyevu na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma, utakuta kutu imechora umbo la mkoba. Mkoba kivyake, bastola kivyake, ndani ya sefu yenye funguo wasizozijua watoto.

Kuhusu Tanga, jibu ni hapana, na nalisema hivi kavu kwa sababu nakupenda. Kwa Tanzania silaha na risasi ziko chini ya sheria ya udhibiti ya mwaka 2015. Kwa Kenya kuna Sura ya 114 ya sheria zake. Rivolva ya mwaka 1917 au 1943 kwenye begi lako pale uwanja wa ndege ni silaha, hata kama ni ya kumbukumbu ya babu. Hapa Marekani nako kuitoa nchini bila kibali ni kosa lake lenyewe. Usijaribu kuitenganisha vipande, usimpe mtu akubebee. Na kama kuna silaha ya zamani iliyosahaulika darini nyumbani, ya babu au ya mtu mwingine, mwambie mzee wa familia aende kituoni kuwaarifu kwanza, kabla ya mtu yeyote kuishika na kutembea nayo barabarani. Serikali imewahi kutoa vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Sebuleni Tanga tundika picha, ikuzwe vizuri, na kando yake nishani za babu kama bado zipo. Hizo zilikuwa zake kweli.

Jumamosi ukirudi kwenye ile meza, beba tochi ndogo, kioo cha kukuzia na nakala ya picha iliyokuzwa, lakini nakala iache mfukoni. Piga picha nne: upande wa kushoto wa fremu, upande wa kulia, mgongo wa silinda, na lile pengo ukiwa umeinua bastola kwenye mwanga. Nitumie hizo, na ya mkoba wa afisa, kabla hujalipa.